Ombi la Kuezeka Bati Nyumba ya Watalii

Ndugu Telesphory,
Mratibu, Kikundi cha Utalii cha Karibu Nyumbani,
Kibaha.

YAH: PAA LETU, NA MENGINE YANAYOFUATANA NALO

Shikamoo. Sasa hivi, kabla sijashika kalamu, jirani yangu Zuwena amekuja kuazima ungo. Mwanangu Firdausi, ambaye hajafikisha miaka mitatu, alipoona mtu anaingia uani alikimbia ndani, akasukuma beseni la plastiki chini ya kitanda, akavua kandambili zake akazitupa nyuma ya nyumba, kisha akarudi kusimama mlangoni na mchi wake mdogo begani, anatabasamu. Zuwena alicheka mpaka akakaa chini. "Mvalishe mtoto viatu, shoga, leo ni mimi tu, sina kamera!" Na mimi nikacheka. Alipoondoka kicheko kikaisha, ndiyo maana nakuandikia.

Mimi ni Siwema, wa nyumba namba tatu kwenye ziara yako ya huku Kurui, Kisarawe. Ni ile ambayo kwenye kipeperushi umeiandika "Maisha Halisi". Nashukuru sana. Utalii ni kitu kizuri kwa nchi, na wageni wako hawana baya, wanasalimia hata mbuzi. Ila nina malalamiko, na nimeyapa namba ili usipate taabu.

1. Paa. Makuti yetu yamechoka. Mabati tunayo, mume wangu Halidi ameyadunduliza mwaka mzima, na sasa yamelala nyuma ya choo yamefunikwa mabua ya mahindi ili wageni wasiyaone. Nilipokuuliza mwezi wa nane ulisema, "Mama Firdausi, ukiweka bati nakutoa kwenye orodha. Mgeni hatoki kwao kuja kuangalia bati." Nimeliwaza sana neno hilo. Panapovuja zaidi ni juu ya kitanda cha mtoto. Masika yaliyopita alilazwa siku nne kwa kifua, na vuli ndiyo hii inakuja.

2. Sufuria. Mgeni mmoja aliona sufuria niliyoitegesha chini ya tundu, akauliza ni ya nini. Evance, kiongozi wako wa wageni, hakutaka kukuaibisha, akasema ni mila ya huku, ya kuikaribisha mvua. Wakapiga picha. Tangu hapo kila kundi linaulizia sufuria. Hata jua likiwa kali inabidi niiweke na kuitia maji kidogo, na kuna mama alipiga magoti kabisa. Mama mkwe, ambaye ndiye mjuzi wa mila hapa, ameniuliza hii nimeitoa wapi. Nimemwambia aulize Kibaha.

3. Maji. Bomba liko hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu. Nikiwa na wageni tunalipita kama shemeji tuliyegombana naye, tunateremka mpaka kisima cha zamani ambacho hata vyura wamekihama. Wageni wanajitwisha ndoo kwa moyo wote na wanafika nyumbani na maji ya kunawia uso. Wakishaondoka nakwenda bombani.

4. Kazi nusu nusu. Wanatwanga mara tatu, picha, wanahamia kwenye kupepeta. Nina mahindi hapa si mazima wala si unga. Naomba mgeni akianza kinu amalize. Na kama inawezekana kwenye ratiba, waje msimu wa palizi.

5. Mume wangu. Halidi anachomelea mageti kule Mlandizi. Kwenye ziara yako ni mwindaji. Evance alimpa upinde, mtu mwenyewe anaogopa kuku anayeatamia! Picha imefika Mlandizi, na sasa wateja wanamwambia, "Mwindaji, geti langu tayari, au bado unawinda swala?"

Sasa Ndugu, mimi niliishia darasa la saba, lakini nimekaa nikapiga hesabu za kichwa. Kama makuti ndiyo yanayovuta wageni, kwa nini tuyafaidi sisi peke yetu? Ezeka ofisi yako. Magari ya watalii yanapita hapo Kibaha kila siku yakikimbilia mbugani, yatasimama yenyewe. Baba mkwe anasuka makuti vizuri, atakuja. Feni na kompyuta tutakuonyesha namna ya kuvificha, sisi tuna uzoefu. Na patakapovuja juu ya meza yako, nitakuazima sufuria. Ukiona imekubali, uendelee na nyumbani kwako, wanao wakae mlangoni bila viatu. Wageni watalia kwa furaha.

Kama hilo ni zito, basi leta wageni siku ya kuezeka bati. Majirani wako juu, wanawake tuko jikoni, mtu anajigonga kidole kwa nyundo na wote wanamcheka. Hayo nayo ni maisha halisi, na ndiyo ningependa mwanangu aje ajione ndani yake kwenye picha akiwa mkubwa.

Nangoja jibu lako kabla mvua haijajibu. Nisalimie mkeo, wanao, dada Juliana wa mapokezi, na dereva. Huku mama mkwe, Zuwena na mbuzi wanakusalimu.

Mimi mkaaji wa Maisha Halisi,
Siwema (Mama Firdausi),
Nyumba Namba Tatu.

N.B. Leo ni Jumamosi. Barua haikuondoka, aliyekuwa aipeleke alikwamishwa na mvua. Ilinyesha Jumatano mchana, Firdausi amelala. Kabla sijamaliza kumpangusa, Halidi alishayaendea mabati. Alhamisi tukapaua, hata Evance alipanda. Halafu kwa kukuheshimu tukaamua kurudisha makuti juu ya bati. Ndugu, naomba usahau yote niliyosema kuhusu makuti! Nyumba imepoa, mvua haipigi kelele, mtoto analala mpaka namwamsha mimi. Zuwena mwenye bati tupu anasema kwake ni tanuri, naye anataka makuti, tena awe nyumba namba nne. Kwa hiyo usitutoe kwenye orodha, sisi na makuti hatuachani. Ila siku ukitaka kuja utupigie simu kwanza, kwani Halidi bado yuko juu anamalizia, na sasa ananiita, "Siwema! Ngazi!" Wageni wa leo wameonekana kwenye mikorosho na upande wa paa wa njiani bado ni bati tupu linang'aa, kwa hiyo Ndugu, kwa ufupi tu, ninachoomba ni