Bomba Lililokataa Kulala Matopeni

Kwa Mhandisi Msimamizi,
Mradi wa Bomba la Maji, Ruaruke hadi Visiwani.

Ndugu Mhandisi,

YAH: OMBI LA KUSAJILI BOMBA LETU KAMA CHOMBO CHA MAJINI

Baada ya kukutakia afya njema huko uliko, ambako bila shaka maji yanatoka, mimi Nassibu Mwinyimvua, Katibu wa Kamati ya Maji ya Mikoko Miwili, naandika kwa unyenyekevu kukueleza yaliyotupata.

Mlituletea mabomba ya fiba, ile plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo. Mlisema hayaliwi na chumvi, nasi tulifurahi. Msimamizi wenu wa mafundi, Bwana Abdulrazaq, alipoulizwa mkutanoni kama yatalazwa namna moja kilimani, bondeni na matopeni, alijibu: "Bomba hili halina ubaguzi. Popote linalala." Tukapiga makofi. Matunda ya kutobagua ni haya:

1. Kilimani mtaro ulichimbwa kwenye mawe, na bomba likalazwa juu ya mawe yaleyale. Mzee Maneno, ambaye mtaro umepita shambani kwake, aliuliza mchanga wa kulalia bomba uko wapi. Akaambiwa mchanga ni wa kujengea nyumba. Siku maji yalipofunguliwa, jiwe lenye ncha lilipasua ubavu wa bomba. Sasa mikorosho yake inaoga kila siku. Anauliza kama imeandikwa kwenye orodha ya wanufaika wa mradi.

2. Bondeni udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ulirudishwa mtaroni mabonge mabonge bila kushindiliwa. Bomba lilikuja duara. Sasa lina umbo la yai.

3. Huku kwetu mikokoni naomba usome taratibu. Mafundi walisubiri maji yapwe, wakalaza bomba tupu kwenye tope, hawakulifunga uzito wowote, wakalifukia, wakapiga picha, wakaondoka. Lilipokuja bamvua, yale maji yanayojaa kupita kawaida, bomba likainuka kutoka ardhini tukiliona, mita themanini nzima, likaelea. Kaa walikuwa wa kwanza kulipanda.

4. Nesi Zamda wa zahanati yetu huvuka kwa mtumbwi kila asubuhi kuwachotea maji wanawake wanaojifungua, maana visima vyetu ni chumvi tupu. Juma lililopita kiboko aliupindua mtumbwi. Nesi alinusurika kwa kulikumbatia bomba lenu. Madumu yote yakazama. Siku hiyo Mwajabu alijifungua mtoto wa kike, Yasmini, na mama na mtoto wakaoshwa kwa maji ya chumvi. Mwajabu alilia, na si kwa uchungu wa uzazi. Nesi, kanga bado mbichi, alimfuata Bwana Abdulrazaq gengeni akamwambia mbele za watu: "Ulisema linalala popote. Kwetu limeamka." Bwana Abdulrazaq alikumbuka ghafla kwamba ana kikao Kibiti.

5. Kwa kuwa kumwokoa Nesi ndiyo kazi pekee ambayo bomba hili limewahi kufanya, tunaomba lisajiliwe kama chombo cha majini, lipakwe namba ubavuni, na Bwana Abdulrazaq awe nahodha wake. Hilo likishindikana, kitongoji chote kihamishiwe kwenye mikorosho ya Mzee Maneno, kwa sababu ndiko mradi ulikofika. Kaya ni sitini na mbili, pamoja na zahanati na msikiti. Mzee bado hajaambiwa.

Wasalimie mafundi wote, dereva wa greda, na hasa yule mpiga picha, kwani picha zilitoka vizuri sana.

Wako mwenye kiu,
Nassibu Mwinyimvua
Katibu, Kamati ya Maji

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, Nesi Zamda ameniletea nakala ya hati ya makabidhiano. Imeandikwa kwamba kamati ilikagua mtaro mzima, kilimani hadi mikokoni, kabla haujafukiwa, ikaridhika. Sahihi ni yangu. Siku ile nilikuwa harusini Ikwiriri. Karatasi ililetwa pamoja na sinia la pilau, nami nikasaini kwa mkono wa kushoto ili wa kulia usichelewe. Nesi hakunigombeza. Amechukua kasia lake akaenda. Kwa hiyo, Ndugu Mhandisi, barua hii iweke kando. Njoo na mchanga. Koleo ninalo.