Vani Inayovuja Wiki ya Harusi

Jumanne, 11 Juni
Corinne kakubali! Jumamosi nampeleka binti yangu kanisani kwa vani yangu ya mwaka 1974, si kwa gari jipya la Orville, baba mkwe wake. Machozi yalinilenga. Kisha nikaona doa jekundu sakafuni. Oili ya giaboksi. Mke wangu, Marlene, kauliza gauni jeupe litapita wapi hapo. Nikasema ni doa la zamani. Lilikuwa linang'aa.

Jumatano, 12 Juni
Orville kaja bila kualikwa. Eti nioshe chini ya gari, nitandike boksi, niwashe injini, nione tone linatoka wapi kabla sijagusa chochote. Nikamshukuru. Alipoondoka nikazikaza bolti zote za karai linalokinga oili chini ya giaboksi mpaka mishipa ikanitoka. Karai limepinda ukingo! Doa sasa lina ukubwa wa sinia.

Alhamisi, 13 Juni
Akili mpya: kinachovuja kijazwe zaidi. Marlene kanikumbusha kwamba kijiti cha kupimia oili kina alama. Nikamwambia alama ni za waoga. Nikajaza pomoni, nikatoka nayo barabarani. Sikumaliza hata mtaa mmoja. Giaboksi ikafanya povu, ikatapika oili juu ya ekzosi. Moshi! Jirani kaita zimamoto. Wamecheka mpaka wakakaa chini.

Ijumaa, 14 Juni
Marlene, rola za nywele kichwani, kaosha chini ya gari, katandika boksi, kawasha injini. Tangu mwanzo lilikuwa bomba linalopeleka oili kupoozwa kwenye rejeta. Limelegea kwenye maungio. Kalikaza kidogo tu, likanyamaza. "Wewe mwanamume, ungeinama tu uangalie!" Lakini karai nililolipinda bado linavuja. Jipya litafika dukani Jumatatu. Harusi ni kesho. Nimekwisha.

Jumamosi, 15 Juni
Corinne kaenda kwa gari la Orville. Mimi kiti cha nyuma, nimeshika pindo la gauni. Orville kawasha kiyoyozi, kaniuliza, "Unapata hewa, mkwe?" Corinne kanishika mkono, kasema, "Baba, nilikutaka wewe, si gari." Nililia mpaka mlangoni mwa kanisa. Orville kanipa kitambaa chake. Kimepigwa pasi!

Jumapili, 16 Juni
Nimetafakari kwa unyenyekevu. Kosa si langu wala la karai. Sakafu ya gereji imeinama, ndiyo inayovuta oili. Marlene yuko kanisani mpaka saa sita. Nimeazima nyundo kubwa ya kuvunjia zege. Nimeshaanza.