Msumari wa Dhahabu Shimoni Kikwe

Jumatatu, 8 Aprili 2024

Mwezi uliopita wataalamu wa miamba duniani walipiga kura, wakakataa kuitambua Anthroposini, enzi ya kijiolojia inayoanza pale alama ya binadamu inapoonekana ardhini. Mimi, mwenye shahada ya jiolojia, sikuulizwa. Namchimbia shangazi Skolastika shimo la choo. Jumapili ni kipaimara cha bintiye, Nice; wageni sitini. Mawingu yameshuka kutoka Meru, yamenikalia mabegani.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeiona! Upande wa magharibi wa shimo: chini, majivu ya kale ya volkano, yamelala kama waliosahauliwa; juu yake, tabaka la mifuko ya nailoni ya samawati. Mpaka wa enzi. Niliutazama hadi chai ikapoa. Uchimbaji nimeusitisha.

Jumatano, 10 Aprili

Enzi inapoanzia, wataalamu hupigilia alama ya dhahabu. Nimepaka rangi msumari wa inchi sita, nikaupigilia. Binamu Lesian, aliyeishia darasa la saba, aliinama ukingoni akauliza kama msomi anatengeneza pa kutundikia koti. Nilimhutubia kuhusu miaka bilioni nne na nusu ya dunia. Akajibu kwamba wageni hawawezi kubana haja muda wote huo. Shangazi akasema choo kisipokuwepo, nitawaeleza mwenyewe waende wapi.

Ijumaa, 12 Aprili

Dk. Uwesu, mhadhiri wangu wa zamani, ameitikia wito. Alishuka na viatu vyake vya ofisini. Akachokonoa tabaka kwa kalamu. Ikadondoka ndala ya mtoto, imechomwa kwa waya wa moto: SOLOMONI. Jina langu.

Shangazi alicheka hadi akaweka birika chini. Akaeleza kwamba hapo palikuwa shimo la taka. Lilipojaa alipanda mgomba juu yake, kama kawaida, akaung'oa wiki iliyopita kupisha choo. Ndala ile ilipotea likizo ya Desemba 2009. Nililia siku mbili.

Dk. Uwesu alisema kwa upole kwamba enzi ya dunia nzima haianzii kwenye taka za nyumba moja. Alisifu chai, akaondoka.

Jumapili, 14 Aprili

Jana Lesian na majirani walimaliza choo. Msumari wangu, Lesian ameuhamishia mlangoni. Padri ametundika koti.

Nimejitenga migombani, ndala mapajani. Ukungu unapita, unanifuta na kunirudisha. Nimetafakari bila jazba. Wataalamu walidai alama ya binadamu, isiyooza, yenye tarehe. Ninayo, ina hata jina. Dk. Uwesu alikuwa nayo mkononi asiione.

Barua kwa wataalamu nimeshaianza: Enzi ya Binadamu ilianza Desemba 2009, Kikwe. Binadamu mwenyewe ni mimi.