Video Zote Ndani ya RAM

Alhamisi, 8 Mei 2025

Makomredi, enyi kurasa msionisaliti! Leo nimewakomboa wanafunzi hamsini wa Kiogoro. Seva yetu, iliyomo katika duka la fotokopi la Mzee Mogire, sasa inahifadhi nakala za video za masomo. Video ikivutwa mtandaoni mara moja, wote wanaitazama papo hapo. Mtihani ni Jumatatu! Janat, mpinzani wangu wa ukatibu wa chama cha wanafunzi, alishauri nakala zikae kwenye diski. Diski! Konokono! Nimeziweka zote ndani ya RAM, kumbukumbu ya kasi ya kompyuta. Kasi ya mapinduzi! Akauliza, "Na stima ikipotea, komredi?" Nikajibu kwamba betri ipo. Makofi.

Ijumaa, 9 Mei

Jua likizama, Mzee Mogire alifunga duka kwa ajili ya Sabato. Akazima swichi kuu, na betri pia. Mimi, Msabato wa kuzaliwa, ndimi niliyemshikia kigoda alichopandia kuzifikia. Akaniombea baraka. Nikaitikia amina.

Jumapili, 11 Mei

Tumeiwasha seva. Tupu! RAM ikikosa umeme husahau kila kitu. Bonareri, anayerudia mtihani huu kwa mara ya mwisho, alisema mbele ya umati, "Masese, hata hotuba zako ungeziweka humo." Vicheko. Niliulaumu ubeberu. Hakuna aliyesikiliza.

Janat hakucheka. Aliifunga seva kwa leso, tukaipeleka Kisii mjini, dukani kwa babake, Mzee Abdirizak, ambako mtandao una kasi. Akapanga upya: picha ndogondogo ndani ya RAM, video kwenye diski. Kufikia alasiri video zote zilikuwa zimerudi, na jioni seva ikawa Kiogoro tena. Mzee alininywesha chai ya tangawizi, akaniita mwanangu. Nimeshukuru hadi koo likakauka.

Jumatatu, 12 Mei

Bonareri ametoka chumba cha mtihani akitabasamu! Amenipungia mkono, hata mimi! Imebaki karatasi ya pili, Alhamisi. Janat, umetuokoa. Shukrani kama hizi hazinong'onwi.

Jumanne, 13 Mei

Nimerekodi hotuba ya kumshukuru Janat: muda wa saa tatu, picha za ubora wa juu kabisa. Nimeiweka kwenye diski. Diski ikajaa, na video za karatasi ya pili zikaondolewa na seva yenyewe kuipisha. Heshima iliyoje!

Janat amenipigia simu mara saba. Bila shaka ameguswa. Bonareri naye yuko mlangoni, anagonga kwa ngumi zote mbili.

Makomredi, kesho, saa kumi alasiri, nje ya duka la Mzee Mogire: nitaitoa hotuba nzima kwa mdomo.