Jambia Kwenye Haluwa

Jumapili, 4 Januari 2026
Mzee Yaqdhan wa Sib kaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba Ulaya ya enzi za kati jambia lilikuwa la kuulia tu. Upuuzi! Nimemjibu mara kumi na nne, na mjinga nimemwita. Naam, askari wa farasi alikuwa na sime nyembamba ya kupenyeza kwenye mianya ya deraya, vazi la chuma la vitani, adui akishaanguka. Lakini mfanyabiashara, mkulima, hata karani alitembea na kisu kiunoni, na kwa kisu hichohicho akakata mkate na nyama. Kanijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba!

Mke wangu Mahbuba kanikumbusha kwamba huyu ni ami wa kijana Wael, na Ijumaa anakuja na wazee wenziwe kumposea binti yetu Ghaliya. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeliweka kando.

Jumatano, 7 Januari
Nimeling'arisha jambia la marehemu babu. Ijumaa nitalivaa, na Yaqdhan atajibiwa uso kwa uso.

Ghaliya kaja kunisihi. Wageni wataweka vikombe vya kahawa chini, wala hawatakunywa mpaka niseme tumekubali. "Sema tu, baba." Amemngoja Wael miaka minne amalize masomo. Nikamwambia mila hizi nilizijua kabla yeye hajazaliwa.

Ijumaa, 9 Januari, baada ya alasiri
Naandika nikiwa nimejifungia stoo.

Wageni saba. Vikombe saba chini. Yaqdhan akaomba posa kwa maneno machache, mazuri. Nikasema kabla sijajibu, kuna jambo dogo. Baada ya nusu saa nilikuwa ndiyo kwanza nafika karne ya kumi na nne. Wael kakikodolea macho kikombe chake. Yaqdhan akasema kwa upole, "Sheikh wangu, kahawa inapoa." Nikadhani anaukimbia mjadala.

Nikachomoa jambia.

Jambia halichomolewi mbele ya wageni. Kila mtoto wa Maskati anajua. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika makala kali kuwakemea vijana wanaochomoa wapigwe picha! Nilitaka kuonyesha tu jinsi mtu wa zama zile alivyojikatia chakula. Nikalichoma kwenye haluwa. Likanasa. Nikavuta, sahani nzima ikaja juu.

Wazee wakainuka, wakatafuta viatu. Nyuma ya mlango nikamsikia Mahbuba: "We bwana! Watu wamekuja kuposa, hawakuja skuli!"

Ghaliya akaingia kukusanya vikombe. Saba, vimejaa pomoni. Akavimwaga kimoja kimoja. Laiti angenipigia kelele.

Jumamosi, 10 Januari
Sikulala. Asubuhi nimekwenda Sib. Njiani nilitunga hoja sita za kujitetea. Mlangoni zote zikapotea. Yaqdhan mwenyewe kanifungulia, kanishika mkono. Nikasema nisamehe.

Akacheka. Akasema habari ya visu na mkate anaijua tangu ujana. Aliandika vile ili aone nitajibu mara ngapi, alikisia kumi. "Umenizidi kwa nne, bwana mkubwa." Kisha akaacha kucheka. Akasema Wael amelala na njaa, akijiuliza amekosa nini. Sikujua niweke wapi uso wangu. Mtu niliyemwita mjinga mbele ya ukoo mzima ndiye aliyenipa maji ya kunywa.

Watarudi Ijumaa.

Ijumaa, 16 Januari, asubuhi
Mahbuba kalifungia jambia sandukuni na ufunguo kauvaa shingoni. Haki yake. Nimemwapia Ghaliya kwamba leo nitatamka neno moja tu: tumekubali. Kanibusu mkono. Nikalia, sioni haya kulisema hapa.

Neno lenyewe liko tayari. Nimeliandikia na utangulizi mfupi, kurasa tisa, mbali na tanbihi.