Vidonge vya Kuamsha Nywele

Mtaalamu, ambaye utaalamu wake haukuwahi kuthibitishwa na yeyote, aliingia duka la dawa kutafuta plasta, akaona vidonge vya manjano vinauzwa bei ya peremende.

"Asidi ya foliki," muuzaji akamweleza. "Inaongeza damu. Wajawazito ndio wateja wakubwa."

Mtaalamu alisikia neno moja tu: inaongeza. Akabeba vyote, akapitia na maduka mengine mpaka mji ukakauka, kisha akavimimina kwenye makopo yasiyo na jina.

Kesho yake, viatu vya ngozi vikimetameta, alikuwa mbele ya muuza mabati, mzee mwenye uwezo na kipara.

"Mzee wangu, nywele hazifi. Zinalala tu."

"Na hivi vinaziamsha?"

"Vinazipigia kelele."

Mzee akanunua mzigo mzima, akipanga kuwalangua wenye vipara wenzake. Mtaalamu aliondoka akimsikitikia, kwa kiasi kinachofaa.

Haukupita muda, mke wa Mtaalamu, aliyezoea kulia bafuni akidhani hasikiki, akarudi kutoka kliniki akicheka peke yake. Hatimaye ana mimba! Mkunga alitaka aanze asidi ya foliki leo hii, isaidie ubongo na uti wa mgongo wa mtoto.

"Lakini kliniki imewaishia, na madukani wanasema kuna mwehu kanunua zote."

Mtaalamu alikiri kwamba mji huu umejaa wehu, akatoka mbio.

Muuza mabati alimpokea na kipara kilekile.

"Nirudishie kopo moja, mzee wangu. Nimegundua vina hitilafu."

"Sasa unampelekea nani, adui yako?"

Mtaalamu akavitazama viatu vyake.

"Mke wangu ni mjamzito."

"Hongera sana, baba. Binti yangu ni muuguzi. Nilipomwonyesha dawa yako alicheka mpaka akakaa chini." Mzee akateremsha kopo. "Bei ni ya nywele. Uliipanga mwenyewe."

"Sina hela hapa."

Mzee akainama kidogo. "Hivyo viatu ni saizi gani?"

Mtaalamu alifika nyumbani pekupeku, kopo kalikumbatia kifuani. Mkewe akaligeuzageuza.

"Vya nini hivi?"

"Vya mtoto. Vya uti wa mgongo." Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kweli kuhusu vidonge hivyo.

Mkewe akamtazama usoni, akamtazama miguuni, akachukua mtandio wake.

"Ngoja kwanza nikamuulize mkunga."