Marufuku Mzuka Kuwa na Utoto

Kitengo cha Hofu kinawatangazia wananchi wote, kuanzia Mkula hadi Malinyi, wenye televisheni na wanaochungulia kwa jirani, kwamba kuanzia leo ni marufuku kwa mzuka, jini, zimwi au pepo yeyote kuonyeshwa hadharani akiwa na utoto.

Tangazo hilo lilisomwa kwa kipaza sauti kutoka kwenye bajaji iliyozunguka mitaa yote ya Viwanja Sitini. Wauza samaki walinyamaza wakasikiliza mpaka mwisho, wakaona halihusu samaki, wakaendelea kuuza.

Aliyeliandika ni Bwana Vitus, Mratibu wa Kitengo cha Hofu. Alikuwa amebanana na dereva kwenye kiti cha mbele, tai shingoni, akitikisa kichwa kila sentensi ilipofika kituo, kama mtu anayeonja mchuzi wake mwenyewe na kuridhika.

Haki itendeke: Vitus hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpenzi wa filamu za kutisha, na hilo ni jambo zito kuliko ubaya.

Utotoni mwake kule Malinyi, kwenye banda lililoendeshwa kwa jenereta, aliona filamu moja ya kigeni ambayo watu waliiita Mpiga Deki, maana jina lake halisi liliwashinda kutamka. Ndani yake mwanamke anapiga deki kwenye korido ya hospitali. Uso wake hauonekani. Kinachosikika ni tambara tu: pwa, pwa. Anayekanyaga sakafu kabla haijakauka haonekani tena. Basi. Hakuna anayesema mwanamke huyo ni nani, wala nani alimwajiri. Filamu ikaisha, jenereta likazimwa, na Vitus akakaa mwaka mzima haendi chooni peke yake. Haukuwahi kutokea mwaka mtamu kama huo katika utoto wake.

Sasa, miaka yote hiyo ikiwa imepita, Mpiga Deki amerudi kama tamthilia ya sehemu kumi. Vitus aliianza kwa shangwe, mlango umefungwa, karanga pembeni. Sehemu ya kwanza, mzuka akapewa jina. Sehemu ya pili, akachekwa shuleni kwa sababu ya viatu. Sehemu ya tatu, akampenda mfamasia. Mpaka sehemu ya tano alikuwa bado hajagusa tambara.

"Melkiori," alimwambia katibu wake kesho yake ofisini, hata salamu hakutoa, "ukishaniambia zimwi alinyonya kwa nani na aliachishwa lini, huyo si zimwi tena. Ni jirani."

"Ndiyo, mkuu."

"Na wamefanya hivyohivyo kwa lile dude la kwenye barafu. Filamu ilikuwa ya dude. Tamthilia imekuwa ya vikao vya wakurugenzi wa kampuni. Dude lenyewe linaonekana kama mbunge jimboni: mwanzo kidogo, halafu tena mwisho."

"Ndiyo, mkuu. Niandike?"

"Andika."

Hivyo ndivyo maoni ya mtu mmoja yalivyogeuka sera. Kitengo kilikuwa kimekaa muda mrefu bila kazi ya kueleweka. Kila mwezi Vitus alipeleka makao makuu taarifa kwamba hofu imestawi katika kata zote, na kila mwezi makao makuu yalimjibu kwa pongezi. Mtu anayepongezwa hivyo huanza kuamini kuna jambo analifanya.

Mahali pa kwanza kukaguliwa palikuwa kwa Mama Noela, mjane mwenye banda la video nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Banda la mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja pana aliyoifunika kwa kitambaa cha kufuma kama sahani ya wageni. Ndilo lililosomesha watoto wake. Na wiki ile lilikuwa linajaa mpaka mlangoni, kwa tamthilia ya Mpiga Deki, iliyotafsiriwa na kijana mmoja wa mjini aliyeigiza sauti za wahusika wote, mpaka ya ndoo.

"Shikamoo, mama," alisema Vitus.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuangalia au kufunga?"

Vitus alikuwa amekuja kufunga, lakini swali hilo lilimkalia vibaya. Akasoma tangazo. Mama Noela akalisikiliza huku akipepeta mchele.

"Sasa mheshimiwa, huyu mtoto akionekana akiwa mdogo, kosa ni langu?"

"Kosa ni la kupunguza hofu bila kibali."

"Wateja wangu wanataka kumjua."

"Ndiyo hatari yenyewe. Anayejulikana haogopwi. Asipoogopwa, mimi hapa naratibu nini?"

Mama Noela aliona hoja hiyo ina ukweli wake. Akasogea pembeni, na Melkiori akafunga mlango wa mbele kwa kufuli la serikali. Ufunguo ukaingia mfuko wa shati la Vitus, upande wa moyo. Tamthilia ilikuwa imefika sehemu ya tisa. Vitus naye alikuwa amefika hapohapo, kwa ajili ya utafiti tu, na kwa kuwa sheria ni msumeno, akajizuia kuiangalia ya kumi. Kujizuia huko kulimtesa kuliko alivyotarajia. Alikuta anamfikiria yule mfamasia wakati wa kupiga mswaki.

Shauri la Mama Noela lilisikilizwa mbele ya banda lake, juani, kwa kuwa ofisi ya Kitengo haikuwa na viti vya watu zaidi ya wawili. Mtaa mzima ulihudhuria. Vitus alieleza kosa kwa kirefu, akaeleza historia ya hofu tangu zamani, kisha akawapa wananchi nafasi ya kujibu maswali bila kutoa maoni, kwa kuwa maoni yalikuwa hayajaombewa kibali.

Alisimama Ngusa, mfugaji aliyekuja na pikipiki kutoka upande wa Mkula, mtu mrefu mwenye kofia ya pama. Akaivua.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Jibu tu, usitoe maoni."

"Sitoi maoni, mkuu. Nasema kilichonipata. Sisi tulipofika bonde hili na ng'ombe, watu walituogopa. Tukipita, watoto wanaingizwa ndani. Mke wangu Kabula akienda kisimani, wenzake wanatoka. Tulikuwa mizuka, bhabha, mchana kweupe. Mpaka siku mama mmoja akamuuliza Kabula, 'Kwani nyie kwenu ni wapi? Mama yako yuko hai?' Kabula akakaa chini akasimulia. Siku ile alirudi na maji, na mboga juu yake." Akaigeuzageuza kofia mikononi. "Basi huyu mpiga deki walipomcheka viatu, mimi nililia. Sijui kama ni kosa."

Vitus alitambua kuwa hiyo ni hoja, na kwa kuwa kanuni hazikusema hoja ikitolewa bila kibali ifanyweje, akamgeukia katibu.

"Andika: hoja ya mifugo. Ipelekwe idara ya mifugo."

Watu waliguna. Ndipo gari jeupe lilipoingia na vumbi lake, akashuka mama wa makamo aliyevaa suti na miwani, akijifuta jasho kwa bahasha. Alikuwa Bi Mariana, mkaguzi kutoka makao makuu. Vitus alinyooka kama mlingoti. Siku ya kutambuliwa ilikuwa imefika, tena mbele ya umma.

"Hongera sana, Bwana Vitus," alisema Bi Mariana. "Nimefurahi kukukuta na wakulima. Wiki ijayo tuna wageni wakubwa, wanataka kuona mafanikio kwa macho. Haya, twende shambani."

"Shambani, mheshimiwa?"

"Kwenye hoho."

Vitus akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyesikia mzaha wa mkubwa na bado hajaupata.

"Pilipili hoho," alisema Bi Mariana, pole pole sasa. "Wewe si ndiye Kitengo cha Hoho?"

"Hofu, mheshimiwa."

"Hoho."

"Kitengo cha Hofu."

Ngusa alirudisha kofia kichwani ili aone vizuri.

"Bwana Vitus," alisema Bi Mariana, "eleza Kitengo hiki kilivyoanza."

Hapo Vitus aliona mlango wa mwisho na akaujaribu. "Mheshimiwa, kwa uzoefu wangu kuna vitu ambavyo vikielezwa asili yake vinapoteza nguvu."

"Eleza."

Akaeleza. Alikuwa afisa wa kawaida, ameinama chini ya bati la duka la mbolea, mvua inapiga kama ngoma, simu ikaita kutoka juu. Sauti ikasema anzisha kitengo cha ho-nanihii, bonde zima, haraka. Mtandao ukakatika. Akapiga tena, haikupatikana. Aliwaza usiku kucha ni ho gani. Homa ina wenyewe. Hoteli zina wenyewe. Halafu akakumbuka kitu pekee maishani mwake ambacho alikuwa na ujuzi nacho wa kweli, na ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaona labda hatimaye serikali imemuona.

Alipomaliza, Vitus aliinua macho akashtuka. Hakuna aliyekuwa anamwogopa. Mama Noela alikuwa ameweka mkono shavuni. Mwanamke mmoja nyuma alisema, "Maskini, na tai yake." Ngusa alikuwa anajifuta jicho kwa ncha ya kidole, pasipo kibali chochote.

"Na taarifa zako?" aliuliza Bi Mariana kwa sauti iliyopungua unene. "Ulituandikia imestawi kata zote!"

"Niliandika hofu, mheshimiwa. Hofu ilistawi kweli. Mnaweza kupima."

"Sasa mama," alisema Ngusa, "nyie kule juu mlipoona 'hofu imestawi' hamkushangaa?"

"Taarifa zilikuwa nzuri," alisema Bi Mariana. "Hatukuona sababu ya kuzisoma."

"Na simu ile nani alipiga?"

Bi Mariana alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. 

"Kitengo," alisema hatimaye, "kimevunjwa. Kuanzia sasa hivi."

Ilipaswa kuishia hapo. Lakini Bi Mariana hakuelekea kwenye gari. Alisogea karibu na mlango wa banda, akalitazama kufuli, kisha akamnong'oneza Mama Noela kwa sauti ambayo mtaa wote uliisikia:

"Mama, nimesikia mna Mpiga Deki. Mimi kwangu umeme ulikatika sehemu ya tisa. Yule mfamasia alimwambia kuwa naye anampenda?"

Vitus aligeuka kwa kasi. "Hata mimi sijui!"

"Fungua basi."

Akaingiza mkono mfukoni, upande wa moyo, akautoa ufunguo. Kisha akasimama. "Mheshimiwa, kufuli hili ni la Kitengo cha Hofu. Umekivunja sasa hivi. Ufunguo huu hauna ofisi. Nikifungua nitakuwa mvunja banda."

Bi Mariana alifikiri. Ilikuwa kweli kabisa. Angeweza kukiunda Kitengo upya ili kifungue, lakini hilo lingehitaji kikao, na kikao kingehitaji makao makuu, na makao makuu yangeuliza juu ya hoho. Wakasimama wote wawili mbele ya mlango wa bati, mkubwa na mdogo wake, wakiutazama kama wagonjwa mbele ya dirisha la dawa.

Mama Noela aliwahurumia.

"Wanangu," alisema, "piteni nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ukuta wa nyuma uliondoka na mafuriko. Nimeweka turubai."

Vitus alilichukua neno hilo taratibu. Akamtazama Melkiori, Melkiori akatazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa na tope lilelile jeusi linalopatikana nyuma ya banda tu.

"Ina maana watu wamekuwa wakiingia?"

"Tangu siku uliyofunga. Tena kipindi hiki wamekuwa wengi, kwa sababu katazo lilitangazwa na bajaji. Kwa hilo, mwanangu, Mungu akubariki."

Wakazunguka nyuma. Bi Mariana alivua viatu vya visigino akavishika mkononi. Mama Noela akainua turubai kama mwenye nyumba anayeinua pazia, na Mratibu mstaafu wa Hofu akapita akiwa ameinama kabisa, tai ikiburuzika, akaketi kwenye benchi la mbele. Mtaa mzima ukaingia nyuma yake, watu ambao sehemu ya kumi walishaiona mpaka wanaijua kwa kichwa.

"Jamani, ndugu zangu," alisema Vitus, akiwageukia mikono imekunjwa kama mwombaji, "nawaomba kitu kimoja tu. Msiniambie inaishaje."

Ngusa akavua kofia kwa heshima zote. Kisha yeye, na Mama Noela, na Melkiori, na wauza samaki, na kila mtu ambaye tangu banda lifungwe hakuruhusiwa kutoa maoni, wakaanza kumweleza kwa pamoja.